Fundi Yupi Ahesabiwe? Njia ya Nairobi na Njia ya Marekani ya Kuamua Nani Ana Sauti Kuhusu Chama

Katika vikao vya mafundi ninavyoalikwa hapa Nairobi, viwe vya watu wa mitambo katika viwanda vya Barabara ya Lunga Lunga au vya vijana wanaotunza seva katika maghorofa ya Upper Hill, swali la kwanza huwa halibadiliki: tutapiga kura lini? Wengi wamesoma kwenye simu zao jinsi wafanyakazi wa Marekani wanavyoitishiwa kura ya siri ili kuamua kama wanataka chama cha wafanyakazi kiwawakilishe, nao wameshika kwamba sahihi za asilimia 30 zinatosha kuanzisha safari. Hunilazimu kuwaeleza kwamba sheria yetu haina kura ya namna hiyo, na kwamba asilimia 30 hapa haimfikishi mtu popote. Hata hivyo, chini ya swali lao lipo swali jingine ambalo ni zito katika nchi zote mbili, na ambalo mara nyingi ndilo huamua chama kipate au kikose kutambuliwa: ni nani hasa, miongoni mwa watu wa kiufundi, anayestahili kuhesabiwa?

Ninawaandikia wanakamati ambao wako karibu kuanza kukusanya sahihi na wana mambo mawili ya kuchagua, yaani kipimo cha kumtambua anayestahili kuwemo, na iwapo mafundi waende peke yao au pamoja na wafanyakazi wengine. Nitaziweka njia hizi mbili bega kwa bega. Sheria ya Marekani haina nguvu yoyote kwetu, lakini wenzetu wa huko wamelibishania suala la mafundi kwa miongo mingi, na vipimo walivyofikia vinatusaidia kufikiri mahali ambapo sheria yetu imenyamaza.

Sahihi na kura

Nchini Kenya, kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama, hata kama ziada hiyo ni ya mtu mmoja tu. Uwakilishi huo huonyeshwa kwa Fomu S, ambayo mfanyakazi huitia sahihi ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake, na chini ya kifungu cha 48 mwajiri anayehusika na agizo la waziri la kukata ada anatakiwa kuanza makato hayo ndani ya siku 30 baada ya kupokea fomu. Kwa hiyo kura yetu ni sahihi, nayo si ya siri, kwa kuwa fomu inapita mikononi mwa wale wale wanaoandaa mishahara. Ndiyo maana kila kamati inapaswa kukijua kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira, kinachosema waziwazi kwamba uanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi.

Nchini Marekani, chini ya sheria ya 1935, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi hupokea ombi linaloungwa mkono na angalau asilimia 30 ya kundi husika, huamua kundi hilo ni la akina nani, kisha husimamia kura ya siri ambayo mshindi wake hupatikana kwa wingi wa kura zilizopigwa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Chukua mfano wa mahali penye mafundi 120. Kwa utaratibu wa Marekani, wakijitokeza 70 kupiga kura, 36 wanatosha kushinda. Kwa utaratibu wetu zinahitajika sahihi 61, na yule aliyebaki nyumbani, aliye likizoni au anayeogopa anahesabiwa sawasawa na aliyekataa. Kwa sababu hiyo, kila jina linaloingia au kutoka kwenye orodha ya wanaostahili lina uzito zaidi Nairobi kuliko Chicago, na kamati inayoanza kukusanya sahihi kabla ya kukubaliana juu ya orodha inajenga bila msingi.

Vipimo vitatu: cheo, cheti na kazi yenyewe

Kipimo ambacho waajiri wengi hukimbilia ni cheo kilichoandikwa kwenye barua ya ajira, kwa sababu ni rahisi kukisoma na ni rahisi zaidi kukibadilisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya kiwanda kimoja cha vifungashio chenye mafundi 110, na tulikuwa tumekusanya sahihi 58, mbili zaidi ya zile 56 tulizozihitaji. Mwajiri alijibu kwa orodha iliyowaondoa mafundi 11, kwa hoja kwamba wote walikuwa wasimamizi wasaidizi wa matengenezo, na kwa hiyo ni sehemu ya uongozi. Wote 11 walikuwa wametia sahihi. Ghafla tukawa na sahihi 47 kati ya watu 99, tukapungukiwa na tatu, bila hata mtu mmoja kubadilisha msimamo wake.

Nakumbuka kikao cha usuluhishi kwa sababu ya mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, grisi ikiwa bado imekolea kwenye mikunjo ya vidole vyake. Afisa wa leba hakumuuliza cheo chake. Alimuuliza, "Mzee, mara ya mwisho ulimpa mtu barua ya onyo lini?" Akajibu kwamba hajawahi, na kwamba hata likizo yake mwenyewe huiombea kwa meneja. Kisha zikaletwa kadi za kazi za miezi mitatu, zile ambazo fundi huandika mashine ipi iliharibika, alibadilisha nini na alimaliza saa ngapi, na sahihi yake ilikuwa imejaa katika nafasi ya aliyetengeneza, mara chache tu katika nafasi ya aliyekagua. Wenzake nane walikuwa hivyo hivyo. Wawili waliobaki walikuwa wamekaa kwenye vikao vya nidhamu na kupendekeza watu wasimamishwe, nao wenyewe wakakubali kutoka. Tulibaki na sahihi 56 kati ya watu 108, nasi tulihitaji 55.

Tangu siku ile siamini cheo pekee, na naona vipimo vya nchi zote mbili, vikisomwa vizuri, vinaelekea huko. Hapa kwetu sheria yenyewe ina maneno machache: mfanyakazi anayestahili ni yule anayeweza kuwa mwanachama wa chama kinachohusika, basi. Orodha ya wasiowakilishwa inapatikana katika Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, uliotiwa sahihi mara ya kwanza 1962 kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi, ukapitiwa upya baadaye, na ambao mahakama zetu zimeendelea kuurejelea. Unawataja wakurugenzi na mameneja wakuu pamoja na manaibu wao, wakuu wa idara, mameneja wa matawi, wenye mamlaka ya kuajiri, kuhamisha, kupandisha vyeo na kuadhibu, wanaofunzwa ili washike nyadhifa hizo, makatibu mahsusi wa viongozi, wenye kazi za siri kwa namna ambayo pande mbili zitakubaliana, na yeyote mwingine atakayeondolewa kwa makubaliano. Fundi hatajwi popote kwa sababu ya ufundi wake. Tena Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kwa hiyo anayetaka kumwondoa mtu ndiye anayepaswa kueleza kwa nini.

Sheria ya Marekani ni kali zaidi katika jambo hili. Inaorodhesha mamlaka 12 ya msimamizi, kuanzia kuajiri hadi kugawa kazi, na moja tu kati ya hayo linatosha kumtoa mtu, mradi analitumia kwa uamuzi wake mwenyewe na kwa niaba ya mwajiri. Katika shauri la Oakwood la 2006, lililohusu wauguzi viongozi wa hospitali, Bodi ilieleza kwamba hata mtu anayefanya usimamizi kwa sehemu tu ya muda anaweza kutolewa, na ikataja asilimia 10 hadi 15 ya saa zake za kazi kuwa kiwango ambacho kimewahi kutosha. Kipimo kama hicho kikiletwa Nairobi, karibu kila fundi mkongwe anayewaelekeza vijana angetolewa. Sipendekezi tukichukue. Ninalopendekeza tulichukue ni swali lao la msingi, yaani je, mtu huyu anaamua mwenyewe au anapitisha tu agizo la mwingine? Fundi anayesema "wewe shika pampu ya pili" kwa sababu ratiba imeandikwa hivyo ubaoni hajaamua chochote.

Kipimo cha pili ni cheti, nacho kinahitaji maneno mengi zaidi kwa sababu hapa ndipo mafundi wenyewe hugawanyika. Marekani inatenganisha wataalamu, yaani wale ambao kazi yao inahitaji elimu ya juu ya fani maalumu, na mafundi sanifu, ambao wanatumia uamuzi wao na mafunzo ya chuo au ya kozi maalumu lakini hawafiki kiwango hicho. Sheria inawapa wataalamu haki ambayo mafundi hawana: hawawezi kuchanganywa na wasio wataalamu mpaka wengi wao wakubali kwa kura yao wenyewe. Kwa utaratibu unaojulikana kwa jina la shauri la Sonotone la 1950, karatasi yao ya kura huwa na maswali mawili, la kwanza likiuliza kama wanataka kuwa kundi moja na wengine, na la pili kama wanataka chama. Mafundi sanifu hawaulizwi hivyo. Zamani pingamizi la upande mmoja lilitosha kuwatenga na wafanyakazi wa uzalishaji, lakini katika shauri la Sheffield la 1961 Bodi iliiacha kanuni hiyo, na tangu hapo hutazama mazingira yenyewe: ujuzi wao unafanana vipi na wa wenzao, wana msimamizi mmoja au la, wanakutana na kubadilishana kazi kiasi gani, mishahara na saa zao zikoje, historia ya majadiliano mahali hapo ni ipi, na kama kipo chama kinachotaka kuwawakilisha peke yao.

Kenya haina ukuta huo kati ya mtaalamu na fundi. Mhandisi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011 haachi kuwa mfanyakazi kwa sababu ya usajili wake, na Bodi ya Wahandisi haijadiliani na mwajiri kuhusu mshahara wa mtu. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wenye shahada wakikataa kutia sahihi kwa kuamini kwamba chama ni cha wasiosoma, ilhali madaktari wa nchi hii wana chama chao, KMPDU, kilichosajiliwa 2011. Ushauri wangu ni kwamba cheti kitumike kumweka mtu kwenye daraja sahihi la mshahara wakati wa majadiliano, kisitumike kumweka nje ya orodha.

Kipimo cha tatu, kazi na mamlaka yanayotumika kweli, ndicho ninachokichagua, ingawa ni cha usumbufu kwa sababu kinadai ushahidi wa kila mtu.

Kijana wa seva na siri za ofisi

Kundi moja linastahili kutazamwa peke yake, nalo ni la watu wa kompyuta. Msimamizi wa mifumo anaweza, akitaka, kufungua barua pepe ya mkurugenzi na faili la mishahara ya kampuni nzima. Waajiri husema kwamba mtu wa namna hiyo ana kazi ya siri, na Mkataba wetu unawataja kweli watu wa kazi za siri. Marekani wana jibu ambalo naliona la haki kabisa: katika uamuzi wa 1981 kuhusu ushirika wa umeme wa Hendricks County, Mahakama ya Juu ya huko ilikubali kwamba anayetolewa ni yule anayemsaidia, kwa siri, kiongozi anayetunga na kutekeleza sera ya mwajiri kuhusu wafanyakazi. Kuzifikia tu taarifa za siri za biashara hakutoshi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri mwisho wa mwezi. Kijana wa seva huhakikisha kwamba nakala ya mishahara imehifadhiwa, huona alama ya kijani kwenye skrini, huandika saa kwenye daftari na kwenda nyumbani. Hakuambiwa mwajiri atakubali nyongeza ya asilimia ngapi, wala hakuandika barua ya kukataa. Bawabu anayeshika funguo za ghala hajawa mwenye mali. Kwa kuwa Mkataba wetu unasema kazi za siri ni zile ambazo pande mbili zitakubaliana, kamati isikubali neno "siri" liachwe wazi kwenye makubaliano ya utambuzi, bali iandike kwamba atakayeondolewa ni yule anayeshiriki kuandaa msimamo wa mwajiri katika masuala ya wafanyakazi, na nafasi hizo zitajwe kwa idadi yake.

Peke yao au pamoja?

Hapa chaguo ni gumu zaidi, na sitadai kwamba jibu ni moja. Vyuo vikuu vyetu vya umma vinaonyesha njia ya kutengana: wahadhiri wana UASU, wafanyakazi wasiofundisha, wakiwemo wanateknolojia wa maabara, wana KUSU, na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, taasisi za elimu na hospitali, nayo ina wanachama wake humo humo. Sekta ya afya imegawanyika zaidi, kwa sababu madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki na maafisa wa maabara kila kundi lina chama chake. Faida yake ni kwamba anayezungumza mezani anaijua kazi kwa undani. Hasara yake tuliiona wote. Madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakaanza mgomo wao Juni 2017 na kuufikisha Novemba. Waliokuwa wakihudumia wadi moja walidai haki zao kwa zamu, na mgonjwa wa hospitali ya umma akaumia mara mbili.

Kwa upande mwingine, katika umeme, chama cha KETAWU (Kenya Electrical Trades and Allied Workers Union) kwa jina lake tu kinawachukua mafundi wa umeme pamoja na wenzao wa kazi zinazohusiana. Njia ya namna hii huyapa madai ya fundi uzito wa watu wengi, lakini fundi huweza kumezwa. Nimesoma mikataba ya pamoja ambamo posho ya sare imeandikwa kwa aya tatu na posho ya kuitwa usiku kutengeneza mtambo haikutajwa kabisa.

Anayetaka kuanzisha chama kipya cha mafundi pekee ajue pia kwamba msajili wa vyama anaweza kukataa ikiwa kipo chama kilichosajiliwa ambacho tayari kinawakilisha vya kutosha maslahi hayo, na kwamba katika mgogoro wa utambuzi mahakama hutazama sekta ambayo chama kinahudumu. Kwa hiyo, kwa mafundi 15 ndani ya kiwanda cha watu 300 ambacho sekta yake ina chama, naona busara ni kuingia pamoja, kwa sharti lililoandikwa mapema kwamba mafundi watakuwa na mwakilishi wao kwenye meza ya majadiliano na kwamba madaraja ya kazi za kiufundi yatajadiliwa kama mada inayojitegemea. Mahali ambapo mafundi ndio wengi, kama kampuni ya kutunza minara ya simu au ya kuweka nyaya za intaneti, hoja ya kutengana haipo tena, na kinachobaki ni kuchagua chama ambacho katiba yake inaitaja kazi hiyo waziwazi. Hilo lisomwe kabla ya sahihi ya kwanza, maana chama kisicho cha sekta yenu kinaweza kuwapotezea mwaka mzima mahakamani.

Walio pembezoni mwa orodha

Walio kwenye kipindi cha majaribio ni wafanyakazi na wanahesabiwa. Mwanagenzi aliyeajiriwa kwa mkataba wa uanagenzi naye yumo katika maana ya mfanyakazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira. Kibarua wa kiufundi aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja analindwa na kifungu cha 37 cha sheria hiyo, kinachogeuza ajira yake kuwa ya mwezi, na asiachwe nje kwa sababu tu bado analipwa kwa siku. Fundi aliyeletwa na kampuni ya kandarasi ni wa mwajiri mwingine, na jina lake likiingizwa litawapa wapinzani wenu hoja ya bure.

Marekani huhesabu walioko kazini katika kipindi cha malipo kinachotangulia amri ya kupiga kura, na mradi bado wapo siku ya kura yenyewe. Sisi hatuna tarehe ya namna hiyo katika sheria, na pengo hilo linatuumiza, kwa sababu mwajiri anaweza kuajiri watu 20 wapya fomu zikiwa njiani. Kamati imwandikie mwajiri ikipendekeza orodha ya mishahara ya mwezi fulani iwe ndiyo ya kuhesabia, na ihifadhi nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Jambo moja la Marekani ningelileta hapa kesho kama ningeweza. Mtu ambaye stahili yake inapingwa hupiga kura, kura yake ikatiwa kwenye bahasha na kutengwa, na hushughulikiwa tu ikiwa kura hizo zilizotengwa zinaweza kubadilisha matokeo. Kamati inaweza kufanya mfano wake bila kusubiri sheria: wenye ubishi waandikwe kwenye karatasi ya pembeni, na hesabu ifanywe mara mbili, wakiwemo na wasipokuwemo. Ikiwa chama kina wingi katika hesabu zote mbili, hakuna haja ya kugombania majina. Ikiwa sivyo, mgogoro upelekwe kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kuushughulikia isipokuwa pande zote zikubali kuongeza, na ukishindikana uende katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kwa hati ya dharura. Kwa kila jina lililo kwenye karatasi hiyo ya pembeni, andaeni mapema ukurasa mmoja unaoonyesha nani humpa kazi, nani humwidhinishia likizo, na kama amewahi kumpa mtu yeyote onyo kwa uamuzi wake mwenyewe.